Barabara Kabla ya Picha: Matumaini na Mashaka ya Wapenzi wa Mchezo wa Rali

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi uhakiki wa riwaya, tamthilia na diwani. Kazi tunayoishughulikia leo si mojawapo ya hizo, na yamkini wako watakaouliza walimu wa Kiswahili wametafuta nini katika michezo ya video. Jibu letu ni fupi. Wanafunzi wetu wa mjini huizungumzia michezo hiyo kwa bidii ambayo tungefurahi kuiona darasani. Hubishana, hulinganisha kazi mpya na ya zamani, hudai ushahidi, hukataa sifa zisizo na msingi. Hayo, kwa jina jingine, ni uhakiki. Tena ni uhakiki wa namna ya pekee, kwa kuwa sehemu yake kubwa hufanywa kabla kazi yenyewe haijatoka. Mhakiki wa riwaya hungoja kitabu kichapwe. Mpenzi wa mchezo huanza kuuhakiki angali hajaugusa, kwa kutazama picha chache zilizotolewa na watengenezaji na kusoma maneno yao ya kujinadi. Twataka kuuchunguza uhakiki huo kwa kutumia mfano mmoja, nao ni mchezo wa Mashindano ya Dunia ya Rali uliotangazwa mwezi Septemba 2023 kwa jina la EA Sports WRC, ukatoka tarehe 3 Novemba mwaka huohuo.

Kati ya tangazo na kutoka kwake hapakupita hata majuma tisa. Lakini kungoja kulikuwa kumeanza zamani. Tangu mwaka 2020 ilijulikana kwamba kampuni ya Codemasters ya Uingereza ilikuwa imepewa haki ya kutengeneza mchezo rasmi wa mashindano hayo kwa miaka 5, kuanzia 2023 hadi 2027. Na tangu Februari 2019, ulipotoka DiRT Rally 2.0, wapenzi hawakuwa wamepata kutoka kwa mafundi hao kazi nyingine ya rali iliyo ngumu kama ile. Tumaini lao, basi, lilikuwa tumaini la ndoa. Upande mmoja walikuwapo Codemasters, ambao tangu Colin McRae Rally ya mwaka 1998 walisifiwa kwa kumfanya mchezaji ahisi uzito wa gari mikononi, namna linavyoteleza juu ya changarawe na namna linavyokataa kutii likiingizwa kona kwa pupa. Upande wa pili ilikuwapo hati rasmi, yenye magari yote ya mwaka, majina ya madereva, na kalenda nzima ya nchi zinazopitiwa. Hati hiyo ilikuwa kwa muda mrefu mikononi mwa Wafaransa wa Kylotonn, ambao michezo yao ilikuwa na kila jina lakini, kwa maoni ya wapenzi wengi, haikuwa na mkono ule. Sasa mkono na hati vilikuwa vinakutana. Ni nani ambaye asingetumaini?

Hata hivyo mashaka yalikuja pamoja na tumaini, na wala hatudhani kuwa yalitoka kwa watu wengine. Mtu yuleyule aliyeandika asubuhi kwamba hawezi kulala kwa furaha, jioni aliuliza kwa nini Codemasters wameuacha mtambo wao wa programu uitwao Ego, walioutumia miaka mingi, na kuchukua ule wa Unreal uliotengenezwa na wengine. Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, mtambo huo ndio unaozaa picha na mwendo wa kila kitu kionekanacho. Kuubadilisha ni sawa na mchonga vinyago aliyezoea mpingo kuhamia kwenye mti mwingine akiwa amekwisha pokea malipo. Codemasters walieleza sababu yao: walitaka kutengeneza njia ndefu, nyingine zikizidi kilomita 30, na mtambo wa zamani haukuwa na uwezo wa kuzibeba. Sababu hiyo twaiona kuwa ya haki. Rali bila urefu hugeuka kuwa mbio za uwanjani zilizopakwa matope.

Palikuwa pia na shaka juu ya mwenye mali. Mwezi Februari 2021 kampuni ya Electronic Arts ya Marekani iliinunua Codemasters kwa dola bilioni 1.2, na wapenzi waliokwisha kuichoka tabia ya kampuni kubwa ya kuuza mchezo mmoja vipande vipande walihofu kwamba na rali nayo itauzwa hivyo. Juu ya hili hatutakawia. Hofu ya mnunuzi mbele ya tajiri ni ya siku zote. Linalostahili kutajwa ni kwamba waliolipa mapema waliahidiwa kuingia mchezoni siku chache kabla ya wenzao, na wengi walilipa huku wakinung'unika. Walijua wanauziwa mbuzi kwenye gunia, wakawa wanalipapasa gunia wapate kujua kama ana pembe.

Kipimo chao kilikuwa nini? Hapa ndipo tulipowastaajabia. Kila walipotaka kuupima mchezo ambao haujatoka, waliuweka kando ya mchezo wa mwaka 2004 uitwao Richard Burns Rally. Mchezo huo ulipewa jina la Mwingereza aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 2001 na aliyeishinda Safari Rally mara mbili, mwaka 1998 na 2000. Haukuuzika sana ulipotoka, na picha zake leo ni kama za kale. Lakini jinsi gari linavyoshika na kuachia ardhi ilikuwa sahihi kiasi kwamba wapenzi wenyewe, bila ujira, wameuendeleza kwa miaka zaidi ya 20: wameongeza magari, wamejenga barabara mpya, wameandaa mashindano. Twakumbushwa jinsi wasomaji wanavyoweza kukitunza kitabu ambacho mchapishaji wake amekisahau. Basi kila mchezo mpya wa rali huja mbele ya mzee huyo kama kijana anayeletwa kwa babu apate kutazamwa.

Kwa hiyo ilitushangaza kidogo kuona kwamba, picha za kwanza za EA Sports WRC zilipotolewa, sehemu kubwa ya malalamiko ilihusu picha. Ilisemwa kwamba miti haina uhai, kwamba mwanga ni mkavu, kwamba mchezo wa mwaka 2019 ulipendeza zaidi machoni. Hayakuwa maneno ya uongo. Sisi pia tumeitazama misitu ile na hatukutamani kupumzika chini yake. Lakini watu waliokuwa wakimsujudia mzee wa mwaka 2004 kwa ajili ya barabara yake, walikuwaje tena mahakimu wa majani? Twadhani walikosea kwa sababu picha ndiyo kitu pekee walichokuwa nacho. Barabara haionekani kwa macho. Huonekana kwa mikono, na mikono yao ilikuwa bado mitupu. Huo ndio udhaifu wa uhakiki unaotangulia kazi: hukihukumu kilichoonyeshwa, kisha hudhani umehukumu kilichofichwa.

Mchezo ulipotoka, matokeo yaliwaumbua wenye tumaini na wenye mashaka kwa pamoja. Barabara zilikuwa nzuri. Njia zaidi ya 200, magari 78, changarawe iliyohisika kuwa changarawe, na hata lami, ambayo ilikuwa aibu ya mchezo uliotangulia, ilikuwa imetengenezwa upya na kukubalika. Lakini kwa waliotumia kompyuta, picha ziligandaganda na kupasukapasuka katikati ya mwendo. Katika rali kuganda kwa nusu sekunde ni kona iliyokwisha pita. Miwani ya uhalisia pepe, ambayo wengi walikuwa wameingoja kuliko kitu kingine, haikuwapo siku ya kwanza, ikaja mwishoni mwa Aprili 2024 ikiwa ingali ya majaribio. Shaka iliyoambiwa ni ya wanung'unikaji, ile ya mtambo wa programu, ndiyo iliyothibitika. Na shaka iliyopigiwa kelele zaidi, ile ya uzuri wa miti, ilisahauliwa baada ya juma moja.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna aliyelitia mashaka. Mwishoni mwa Aprili 2025 Electronic Arts walitangaza kwamba wamefika mwisho wa njia katika kazi ya rali, na kwamba mipango ya michezo mingine ya aina hiyo imesimamishwa; tangazo hilo lilikuja wakati mmoja na habari za wafanyakazi mamia wa kampuni hiyo kupoteza kazi. Mkataba ulikuwa haujafika 2027. Wapenzi walikuwa wameuliza maswali elfu juu ya gari, barabara na mwanga, wala hawakuuliza kama watu wanaozijenga barabara hizo watakuwapo mwaka wa tatu. Hatuwalaumu. Sisi nasi huhakiki riwaya bila kuuliza hali ya kiwanda cha uchapaji, mpaka siku kinapofungwa.

Wasomaji wetu wa hapa Uganda wana sababu yao ya kuyafuatilia haya, nayo ni Safari Rally. Mashindano hayo yalipoanzishwa mwaka 1953, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa zaidi ya miaka 20 yalikuwa mali ya Afrika Mashariki yote. Wazee wetu waliyatazama kando ya barabara, si katika kioo. Magari yalikwenda maelfu ya kilomita katika njia zilizo wazi kwa kila mtu, yakikutana na mabasi na ng'ombe, na mvua ya Pasaka ikiamua mengi. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, alishinda mara tano: mwaka 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Alishinda mara ya kwanza mwaka mmoja baada ya jamii yake kufukuzwa katika nchi hii. Hilo nalo ni kisa kinachongoja mwandishi.

Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa katika mashindano ya dunia, ikakaa nje karibu miaka 20. Ilipangiwa kurudi Julai 2020, ikafutwa kwa sababu ya korona, hata ikarudi kwa kweli Juni 2021. Sasa wasomaji waliangalie jambo hili: mchezo wa WRC 9, kazi ya Kylotonn iliyochapishwa na Nacon, ulikuwa umekwisha tengenezwa kufuata kalenda ya 2020, nao ukatoka Septemba mwaka huo ukiwa na Safari ndani yake. Kijana wa Ulaya au wa Kampala aliweza kuiendesha Safari katika kioo wakati ambapo Naivasha kwenyewe hakukuwa na gari la mashindano. Kwa miezi kadhaa Safari Rally ya ubingwa wa dunia ilikuwapo katika mchezo wa video peke yake. Mwenye kusema kwamba michezo hii ni upuuzi wa watoto na alitafakari hilo.

Na ndiyo maana, tulipoyasoma matumaini na mashaka ya wapenzi juu ya mchezo wa 2023, tulitafuta Safari ilitajwaje. Ilitajwa kwa vumbi lake. Waliuliza kama mchanga ule laini kama unga utamziba macho dereva anayefuata, kama mvua itaigeuza njia ya Sleeping Warrior kuwa ziwa la tope, kama mawe ya Kedong yatatoboa magurudumu inavyostahili. Yote ni maswali mazuri, maswali ya barabara. Lakini hatukuona aliyeuliza kama katika nchi hiyo kuna mtu anayesema neno. Unapita Naivasha, Elmenteita, Soysambu, na sauti unayoisikia tangu mwanzo hadi mwisho ni ya msoma ramani aliye kando yako, akisema Kiingereza, au Kifaransa, au lugha nyingine miongoni mwa chache ulizopewa kuchagua. Kiswahili hakimo.

Tumsemee kidogo huyu msoma ramani, maana ndiye aliyetufanya tuichukue kalamu. Katika rali dereva haioni barabara yote, huisikia. Mwenzake humsomea maelezo waliyoyaandika pamoja kabla ya mashindano: upande wa kona, ukali wake kwa tarakimu kutoka 1 iliyo kali hadi 6 iliyo nyepesi, kama kona yabana au yafunguka, kama kuna jiwe ndani yake. Lazima neno litangulie kona kwa muda uleule kila mara. Likiwahi husahauliwa, likichelewa ni msiba. Nicky Grist, aliyemsomea marehemu Colin McRae waliposhinda Safari mwaka 1997 na 1999, ndiye pia aliyetoa sauti katika mchezo wa mwaka 1998, na wapenzi wa umri fulani hata leo hukumbuka mdundo wa usomaji wake kuliko picha yoyote ya mchezo ule. Kwa maoni yetu hii ni sanaa ya maneno, fupi kuliko shairi lolote na yenye adhabu ya papo kwa papo kwa anayekosea vina.

Jioni moja, nyumbani kwa mwenzetu mmoja mwenye mashine, tulijaribu kumsomea kijana wake kwa Kiswahili, tukiwa tumeizima sauti ya mchezo. Tulidhani itakuwa kazi rahisi. Kiswahili kina vitenzi vilivyobeba sentensi nzima ndani yake. "Yabana", "yafunguka", "usikate" ni maneno mepesi kuliko yale ya Kiingereza yanayofanya kazi hiyohiyo. Lakini tuligonga mti katika kona ya tatu. Sababu ni kwamba "kushoto" na "kulia" huanza kwa silabi moja, na dereva aliyesikia "ku" hajui bado ageuze usukani wapi. Katika mwendo wa kilomita 120 kwa saa, silabi moja ni mita nyingi. Tukaikata silabi hiyo, tukasema "shoto" na "lia". Kijana akacheka hata akatoka barabarani, akisema kwamba akiambiwa "lia nne" anafikiri ameamrishwa kulia mara nne. Tukajaribu "kuume", neno la wazee, nalo likarudi na "ku" ileile. Mwishowe tukakubaliana "shoto" na "ume".

Hatari kubwa zaidi ilikuwa mbele. "Tatu" na "tano" nazo huanza kwa silabi moja, na hizo si kona za kuchanganya: tano huingiwa kwa kasi, tatu huingiwa kwa adabu. Gari liliviringika mara mbili kwa sababu ya kasoro hiyo ya hesabu zetu. Mwenzetu mmoja alishauri tuseme "hamsa" badala ya "tano", kwa kuwa bado lasikika pwani katika hesabu za wazee. Mwingine alipinga kwamba vijana wa bara hawalijui. Tuliligombania jambo hilo hata chai ikapoa. Ni miaka mingi hatujaona walimu watano wakibishana juu ya neno moja huku mwanafunzi akingoja jibu kwa hamu, mikono yake ikiwa juu ya usukani.

Hatutaki kutia chumvi. Kukosekana kwa Kiswahili hakukuuharibu mchezo wa 2023. Uliharibiwa na kuganda kwa picha na kuachwa na wenyewe. Wala hatudhani kampuni itaajiri msoma ramani wa Kiswahili kwa sababu gazeti la chama chetu limesema. Tunachosema ni kwamba orodha ya matumaini ya wapenzi, hata iwe ndefu namna gani, huishia pale mawazo ya wenye orodha yanapoishia. Kama wapenzi wa Nairobi, Kampala na Arusha hawataliandika ombi hili, hakuna wa Helsinki atakayewaandikia. Na ombi lisiloandikwa haliwezi hata kukataliwa.

Nafasi ya kuandika ipo tena. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba haki ya mchezo rasmi itarudi kwa Nacon kuanzia 2027, na tangu tangazo hilo mambo yameanza upya kama mchezo wa watoto wa kukimbizana. Wenye tumaini wanakumbuka WRC 9 na Safari yake. Wenye mashaka wanakumbuka mchezo mwingine wa kampuni hiyohiyo, Test Drive Unlimited Solar Crown wa Septemba 2024, ambao haukuchezeka bila intaneti na ambao seva zake zililemewa siku za kwanza hata walionunua wakabaki mlangoni. Shaka hiyo twaiunga mkono kwa nguvu zote. Mchezo unaodai intaneti isiyokatika ni mchezo unaomwambia kijana wa Mbale au Gulu kwamba hakutengenezewa yeye, na hilo ni zito kuliko uzuri wa mti wowote. Juu ya picha tungewashauri wapenzi wanyamaze hadi washike usukani. Juu ya intaneti wapige kelele sasa, kungali mapema.

Yule kijana wa mwenzetu hakungoja mwaka 2027. Amechukua daftari la hesabu akaanza kuiandika upya njia moja ya Naivasha kwa Kiswahili, kona kwa kona, akiusimamisha mchezo kila mara ili aandike. Tulipomtembelea mara ya mwisho alikuwa amefika kona ya 17, naye amekwama. Ametushikia daftari mlangoni kabla hatujaketi, akatuamkia kisha akauliza, "Walimu, mahali ambapo njia yapanda ghafla na kumficha dereva yaliyo mbele, paitweje?" Baba yake asema "kilele", lakini kilele ni cha mlima na hapo ni mwinuko wa mita mbili. Mama yake asema "mgongo". Yeye mwenyewe ameandika "nundu" kwa kalamu ya risasi, akaacha nafasi pembeni.